Buti za Baba, Buti za Sokoni

Jumatatu, 7 Januari

Krrr. Kisu cha Baba kikikata tairi lililolowa maji ya sabuni. Sauti hiyo nimekua nayo. Wengine wanaamshwa na jogoo, mimi naamshwa na tairi. Leo nimeisikia tena, safari hii uani kwa Mama Zuhura, hapa Ujiji, kabla ya chai.

Tulifika kutoka kambi ya wakimbizi Jumamosi. Kibali cha kutoka ni cha watu wawili na siku kumi na mbili: mimi ninayesafiri, Baba anayenisindikiza. Mama Zuhura ametupa chumba cha nyuma. Alifahamiana na marehemu mama yangu enzi za biashara ya vitenge ziwani, na hataki kusikia habari ya kulipwa.

Ndege ni Jumatano ya wiki ijayo. Ninakwenda Kanada kusoma. Nafasi ilikuwa moja kwa kambi nzima, na nimeipata mimi. Naandika hivyo bila kuona haya.

Karatasi ya ofisini inasema kila msafiri awe na buti za baridi. Nilimsomea Baba jana. Akasema, "Nimeelewa." Basi. Sasa najua kwa nini msindikizaji alibeba sanduku zima la vifaa.

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kununua kiatu. Babu alishona, Baba anashona. Kule kwetu Burundi, mjini Rumonge, alikuwa na duka lenye jina lake mlangoni. Kambini anatengeneza katambuga za matairi, na hata katambuga zake zinajulikana kwa mbali. Mtu akipita husemwa, hizo ni za Mzee Silvesta. Mimi nimevaa mikono ya baba yangu tangu nilipoanza kusimama.

Jumanne, 8 Januari

Ametoa kalibu yangu. Ni mguu wa mti, mguu wangu kabisa, mpaka kidole cha pili kilichokizidi kile kikubwa. Kila nilipokua alichonga mpya. Tulipokimbia aliacha ngozi, cherehani, hata picha ya harusi. Kalibu alizibeba. Wakati ule nilikuwa na miaka tisa na nilimwona mwendawazimu.

Amepata ngozi nzuri nyeusi kwa mchinjaji wa Mwanga, mjini Kigoma, anayejua kuitengeneza. Kwa ndani atatia blanketi la kambi, lile la kijivu. Tulipewa mawili. Moja amelikata bila kusita.

Theluji hajawahi kuiona. Mimi pia.

Jumatano, 9 Januari

Nimekasirika. Kamusi yangu, zawadi ya kuwa wa kwanza katika mtihani wa mwisho, ile nzito yenye jalada la bluu, nimeikuta uani juu ya soli mbichi. Alikuwa anakandamiza gundi ishike. Jaladani kumebaki alama ya gundi, duara la kahawia kama kitako cha kikombe.

Nilimwambia kwamba kitabu si jiwe. Akakipangusa kwa shati lake, akanirudishia kwa mikono miwili. Baadaye nikaona ametafuta jiwe. Nikaona aibu, lakini hasira haikuisha.

Alhamisi, 10 Januari

Buti zimekamilika.

Sijui niandike nini. Ni nyeusi, zinafika chini kidogo ya goti. Mshono mmoja mrefu ulionyooka kama mstari wa rula. Zimenikaa kama ngozi yangu mwenyewe. Baba alizishika kisiginoni, akajaribu kuzitikisa mguuni mwangu. Hazikutikisika. Akasema, "Kiatu kinachocheza si kiatu. Ni mtumbwi."

Nikatembea mpaka msikitini na kurudi, jua la saa saba, buti za theluji. Wanawake wa barazani waliacha kusuka ili wanitazame. Sikuinamisha kichwa hata kidogo.

Ijumaa, 11 Januari

Kliniki, sindano ya mwisho. Muuguzi ni Sista Anna, mtu wa Kilimanjaro aliyehamishiwa huku mwaka jana. Alisomea Ulaya miaka miwili. Nilikwenda na buti kusudi, ili azione.

Akazisifu sana. Kisha akaingiza kidole kati ya buti na mguu wangu. Hakikupita.

Akanieleza taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Huko watu huvaa soksi mbili kila mguu, tena nene. Kinachopasha mguu joto ni nafasi ndani ya kiatu. Kiatu kikibana, damu haipiti, na vidole vinaweza kufa. Yeye mwaka wa kwanza alipoteza ukucha. "Mdogo wangu, nunua kubwa. Kubwa mpaka ujicheke."

Nimerudi kwa miguu. Ubaya wa buti za Baba ni uzuri wake. Fundi mbaya angepatia.

Simwambii.

Jumamosi, 12 Januari

Nimenunua viatu. Wa kwanza katika ukoo.

Nilimwambia Baba nakwenda kuaga rafiki. Nikaenda soko la mitumba la Mwanga. Nilizunguka kwa muda wa saa mbili hivi. Raba, viatu vya harusi, buti za mpira za wavuvi. Mwisho nikaziona zimeegemezwa kwenye mguu wa meza ili meza isiyumbe. Kijivu, kubwa, za kiume, manyoya mazito ndani, zipu upande mmoja. Mbaya kuliko kiatu chochote nilichowahi kukiona.

Muuzaji hakuamini. "Dada, hizo zina miaka miwili hapa. Meza yangu imezizoea." Nikamwambia nataka kuzijaribu. Nikavaa soksi mbili nilizokuja nazo, nikazifunga. Mguu ukazama. Jasho likanitoka papo hapo. Akamwita mwenzake wa kibanda cha pili: "Njoo uone! Kuna mtu anahamia kwenye friji!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikacheka nami, kwa sababu ilikuwa kweli. Halafu akakunja karatasi ya sigara mara nne na kuiweka chini ya mguu wa meza.

Njiani sikucheka tena. Nimezificha chini ya gunia la mchele la Mama Zuhura. Mimi niliyewafundisha kidato cha pili hesabu, niliyesimama mbele ya jopo la usaili na kujibu bila kutetemeka, nimeshindwa kumwambia baba yangu kwamba buti zake zinabana. Huu ni woga. Hauna jina jingine.

Jumapili, 13 Januari

Baba amezikuta.

Mama Zuhura alimwomba asogeze gunia. Nilirudi kutoka kanisani nikazikuta zimesimama mlangoni mwa chumba chetu, zimenyooshwa sawasawa, zimefutwa vumbi. Yeye yuko uani, mgongo kwangu.

Chakula cha mchana hakula. Ugali na samaki, migebuka wa kukaanga, chakula anachokipenda kuliko vyote.

Mama Zuhura alinivuta jikoni. "Binti, mwanaume anayenyamaza hivi hajakasirika. Anajipima. Kamwambie ukweli wote, usimpe nusu." Nikaenda. Nikamweleza ya Sista Anna, damu, vidole, nafasi. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu. Huyo Sista ni fundi viatu?

Nikarudi jikoni.

Jumatatu, 14 Januari

Naandika haya mguu wa kulia ukiwa bado unawasha.

Alfajiri aliniamsha. Jozi zote mbili begani mwake, zimefungwa kwa kamba. Tukaenda Kibirizi, penye ghala la barafu la wanunuzi wa samaki. Mwenye ghala ni Muha mmoja mnene, amevaa koti kubwa na kandambili. Baba akamsalimia kwa Kirundi, naye akajibu kwa Kiha, wakaelewana vizuri kabisa. Baba akaomba binti yake asimame ndani. Mwenye ghala akadhani amesikia vibaya. Baba akarudia.

Baba akanigeukia. "Kulia vaa yangu. Kushoto vaa ya sokoni, na soksi zako."

Nikasimama kwenye barafu iliyopondwa, imenifika vifundoni, mguu mmoja mweusi mmoja wa kijivu. Mlango umeachwa wazi kidogo. Wachukuzi waliokuwa wakishusha makasha ya dagaa wakaacha kazi. Mmoja akauliza, "Mzee, binti kakosa nini mpaka unamwadhibu namna hiyo?"

"Hajakosa," Baba akasema. "Anakwenda kuishi humu."

Wakaangua kicheko. Mwingine akasema nikifika huko nisiwasahau, niwarushie barafu, yao inayeyuka mapema. Mwingine akaniita Mama Sangala, kwa kuwa ndiye samaki anayelazwa humo. Nilikaza macho ukutani. Nikaanza kuhesabu namba tasa kichwani. Nilifika mia tano na tatu nikaacha.

Mguu wa kushoto uliteleza mara mbili, soli yake ni laini kama sabuni. Lakini ulikuwa na joto. Wa kulia ulishika barafu kama kucha. Ila vidole viliuma, kisha vikauma sana, kisha havikuuma tena. Hapo ndipo nilipoogopa.

Baba akaingia na katambuga zake, akasimama mbele yangu ndani ya barafu ile ile. "Upi una baridi?"

Nilitaka kudanganya. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nyuma yake kuna watu wanasikiliza, na yeye ni Mzee Silvesta, na sina kingine cha kumpa. Lakini alikuwa ananitazama kama anavyotazama mshono, akitafuta palipolegea.

Nikasema, "Wako, Baba."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, mara mbili. Akapiga magoti, akaivua buti yake mguuni mwangu, akashika vidole vyangu kwa viganja vyake mpaka vikaanza kuchoma.

"Mwana wanje," akasema, mwanangu, neno ambalo hakuwa amelitumia tangu Mama afe. "Fundi anayedanganywa na mtoto wake atashona vibaya mpaka afe. Umesema vema."

Nimesomeshwa na watu wengi. Hakuna aliyewahi kunipa alama ya juu kuliko hiyo.

Jumanne, 15 Januari

Krrr, mapema kuliko kawaida. Anachonga matuta kwenye soli za buti za sokoni ili zisiteleze. Halafu akaniita, nikavaa soksi mbili, akanisimamisha juu ya boksi lililokunjuliwa na kuchora mguu kwa kalamu ya risasi. Mara ya kwanza anachora mguu wangu ukiwa umenenepa hivyo. Akagongomea vipande vya ngozi juu ya kalibu yangu ya zamani, kimoja kimoja, mpaka ikalingana na mchoro. Buti zinazofuata zitakuwa sahihi, akasema. Atazituma kwa mtu yeyote anayekwenda huko. Kama hapatikani, nije nizichukue mwenyewe.

Mchana tukapima begi langu kwa mizani ya dagaa ya jirani. Limezidi. Baba akafungua, akatoa buti zake, akaziweka kando. Hakuonyesha huzuni. "Hizi zina kosa. Msafiri habebi kosa la mtu mwingine." Akaenda ziwani kuoga.

Nilibaki na begi, buti na mizani.

Aliporudi nilimwambia mizani imekubali, na buti zake zimo. Hakuuliza kilichotoka.

Alhamisi, 17 Januari

Nairobi, uwanja wa ndege. Ndege inayofuata ni saa tano usiku. Ukumbi una viti vya chuma na watu wengi wanaolala.

Jana asubuhi nilitoka chumbani nimevaa buti za Baba. Za sokoni zilikuwa ndani ya begi ninaloingia nalo ndegeni. Aliniangalia miguuni, kisha akaangalia pembeni, ziwani, kwa muda. Uwanjani Kigoma, kabla ya mlango, aliinama na kufunga upya kamba, fundo mara mbili. Nilipopanda ngazi za ndege nilikanyaga kwa nguvu ili asikie.

Bado ninazo. Hapa hakuna baridi, zinanitosha sawasawa. Mama mmoja wa Kihindi ameniuliza zimenunuliwa wapi. Nikamwambia kwetu hatununui viatu. Nikakumbuka begi, nikacheka peke yangu.

Za kijivu nitazivaa tutakapokaribia kutua.

Kamusi nimeiacha. Niliiweka ndani ya sanduku la vifaa, chini ya kalibu, juzi Baba alipokuwa ziwani. Alama ya gundi iko juu, akitoa kalibu ataiona mara moja. Soli mpya zitahitaji kitu kizito.