Kilalio cha Mshale na Ngozi ya Fundi Mbwana

Jumatatu, 18 Machi 1974

Natangaza rasmi, kwa daftari hili na kwa wote wasiolisoma: kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto, kimechanika. Hali yake inaendelea vizuri. Salamu za pole zipelekwe kwa mke wangu Mwanaisha, aliyekifunga kwa kipande cha kanga huku akicheka.

Sababu ni zamu. Nguruwe mwitu wameng'oa matuta mawili tena ya mihogo ya shamba la kijiji. Katibu wa kijiji aliomba bunduki wilayani, akajibiwa kwamba barua yake imepokewa. Basi tunalinda kwa pinde. Wangu ni wa marehemu mjomba. Nilichaguliwa kuwa mlinzi kwa sababu mkutanoni nilinyoosha mkono kufukuza nzi.

Kila asubuhi nafanya mazoezi kwa kulenga gogo la mnazi. Gogo halina jeraha hata moja. Mwenye jeraha ni mimi. Mshale unalala juu ya kidole, ukiachiwa unyoya wake unapita kama wembe. Nahitaji kilalio: kitu kidogo cha kufunga ubavuni mwa upinde, mshale ulalie hapo badala ya kulalia nyama yangu.

Jumatano, 20 Machi

Hasira. Kamati imekaa tangu alasiri hadi magharibi kujadili kilalio. Kitu kisichozidi ukucha. Katibu kasema kila mtu akijichagulia chake, huo ni ubinafsi. Imepitishwa: vilalio vyote vya kijiji viwe vya kifuu cha nazi, mali yetu wenyewe. Katika waliopitisha, sijui nani amewahi kuvuta upinde.

Nami nilinyoosha mkono kukubali. Safari hii hapakuwa na nzi.

Alhamisi, 21 Machi

Kifuu nimekijaribu. Mshale ukivutwa unakwaruza kama mtu anakuna nazi. Kunguru aliyekuwa minazi mitatu kando aliruka kabla sijamaliza kuvuta. Na nguruwe ana masikio makubwa kuliko kunguru. Nikajaribu kijiti. Kikavunjika.

Ijumaa, 22 Machi

Baada ya sala ya Ijumaa nimepita kwa Fundi Mbwana. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani, tukachapwa kwa bakora moja. Sasa ndiye anayewamba ngoma na matari ya kijiji chetu kizima cha Kirongwe. Kanikatia kipande chembamba cha ngozi, bado kina manyoya yake, ya madoa madoa. Kakibandika kwa ulimbo, kakifunga kwa uzi wa nyavu. Mshale unapita juu yake kimya, kama paka juu ya mkeka. Hakutaka kitu.

Kasema tu: "Sasa ukikosa, sahibu, usiniletee kesi."

Kamati na kifuu chake, shauri yao.

Jumapili, 24 Machi

Nimekosa.

Kumekucha kabisa. Nguruwe mmoja, hatua kumi na mbili, kanipa ubavu kama anayepigwa picha. Nyuma yangu Katibu na walinzi wenzangu wawili. Mshale umekwenda kujichoma kwenye mnazi. Nguruwe kamaliza muhogo wake kwanza, ndipo akaondoka.

Kosa la kilalio. Umande uliingia kwenye manyoya, mshale ukateleza. Nimeeleza hivyo barazani kwa muuza kahawa mpaka kahawa ikapoa. Walicheka sana. Nimechoka kuchekwa.

Jumatano, 27 Machi

Mwanaisha karudi kisimani na habari. Eti ngozi za Fundi Mbwana ni za nguruwe. Eti huwaokota wale waliouawa mashambani, akawachuna kichakani. Na si kile kipande changu tu. Matari pia. Matari ya maulidi, yanayopigwa tukimsifu Mtume.

Watu wa kijiji hiki jamani. Nani kamwona akichuna? Hakuna hata mmoja aliyekuja kutazama upinde wangu, ngozi yenyewe ipo pale na manyoya yake. Katibu kaniamuru niuoshe mara saba, mojawapo kwa udongo, kama ilivyo sheria ya najisi hiyo. Anajua maazimio yote kwa moyo, mbuzi na nguruwe hawatofautishi.

Nimeuosha. Kamba imelegea. Kilalio hakikubanduka. Mbwana akifunga, kafunga.

Ijumaa, 29 Machi

Wamerudisha matari. Yote kumi na mawili. Wameyasukuma kwa ncha ya kijiti mpaka mbele ya mlango wake, wakarudi nyuma kama watu wanaotega. Maulidi ni Jumamosi ijayo. Wanasema wataazima mengine kijiji cha Bweni. Sinia alilopeleka mkewe kwenye hitima ya jirani limerudi kama lilivyokwenda, halikuguswa. Binti yake mdogo kaposwa, na mshenga hajaonekana tangu Jumatano.

Hasira tena. Harusi zenu zote mmecheza kwa mkono wa mtu huyu, leo mnamwogopa kama ukoma. Aliyeanzisha uzushi huu angefaa atandikwe hadharani. Nilimwambia Mbwana hivyo hivyo, naye amekaa katikati ya matari yake kama mvuvi aliyedodewa na samaki.

Kaniuliza: "Na wewe hujasikia nani kayaanza maneno haya?"

Nikasema sijasikia.

Jumapili, 31 Machi

Maalim wa msikiti wetu katuita. Anataka shahidi: nani kaona kwa macho yake? Katibu kasema kasikia kwa balozi wa nyumba kumi. Balozi kasikia kwa mkewe. Mkewe kasikia kisimani. Kisimani yaliletwa na mke wa muuza kahawa. Muuza kahawa kakiri yalisemwa barazani kwake, ila wateja ni wengi, hakumbuki. Hapo mnyororo ukakatika. Waliokuwapo barazani siku ile wakatazama dari. Nami nikatazama dari. Ina buibui.

Katibu anataka tari moja lipelekwe wilayani likapimwe. Bila shaka barua yake itapokewa.

Wakati wa kula Mwanaisha kaniuliza swali moja. Nikaendelea kula. Kaondoa sahani.

Jumatano, 3 Aprili

Leo nimesema. Msikitini, baada ya alasiri, mbele ya wote. Niandike na hapa, kama ilivyokuwa.

Kilalio hakikuteleza. Umande haukuwapo. Nilifumba macho. Nilipovuta kamba nilikumbuka ule unyoya na kidole changu, nikafumba macho, nikaachia.

Na barazani, walipokuwa wakinicheka, nilisema: "Ngozi ya Mbwana labda ya nguruwe. Ndiyo maana mshale umekataa kumpiga nduguye."

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Ndiyo mara ya kwanza siku ile kicheko kilinipita kikaenda kwa mwingine. Kilikuwa kitamu. Nikarudia. Jumatano maneno yaliporudi kutoka kisimani hayakuwa na kicheko tena, lakini niliyatambua, kama mtu anavyomtambua mwanawe njiani. Nikayakasirikia. Nimeyakasirikia wiki nzima. Hata humu.

Yule mbuzi mwenye ngozi ile nilimjua. Wa madoa. Tulimla kwenye harusi ya binti mkubwa wa Mbwana. Niliomba nyongeza ya mbavu.

Msikitini hakuna aliyecheka. Maalim kasema nimefanya vema kusema na vibaya kuchelewa. Watu wakaenda kuyachukua matari, kwa mikono yao. Mshenga, sijui. Yeye ni wa kijiji kingine, na uongo ulimfikia kabla yangu.

Jua likichwea Mbwana kaja kwangu. Hakukubali kuketi. Sikujua nianzie wapi, nikamwambia shikamoo, na ni rika langu. Kataka kipande chake cha ngozi.

Nilichelewa kulifungua fundo. Mwisho likaachia. Kakifumbata, kaenda zake.

Kesho ni zamu yangu. Mwanaisha kachana kipande cha kanga, kakiweka juu ya upinde. Hakucheka.