Mwano Uliofuta Kituo cha Marubani

Dar es Salaam

Kaka yangu Baba Kulwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, si kwa sababu moyo umependa. Mguu wako unaendeleaje? Mimi mzima, ila mkono wa kulia una bandeji, ndiyo maana mwandiko unayumba. Barua hii isome peke yako. Simu nimeikwepa, maana huwa unaiweka sauti kubwa, na Mama hata kama haoni vizuri, masikio yake ni mazima.

Wale watu watatu mliowapiga kando ya shamba letu walitoka kwenye kampuni yetu ya ndege.

Nianzie mbali ili unielewe. Pale ndege inapolala na kuondoka alfajiri ndipo kampuni huweka kituo, na hapo hutaka marubani waishi, la sivyo italazimika kuwalipia hoteli kila siku. Huko kwetu abiria wa migodini wanataka kuondoka asubuhi, kwa hiyo ndege ilipaswa kulala huko. Ila wakubwa huuliza na mengine: hospitali iko umbali gani, maji yapo, rubani akiugua nani atashika zamu yake, na je, familia yake itakubali kuishi pale? Wenzangu walicheka wakakataa. Mimi nilinyoosha mkono. Miezi mitano nimewasumbua, nikawaonyesha hata kiwanja cha kujenga nyumba zetu, kile cha jirani kinachopakana na shamba la Mama. Ningerusha ndege asubuhi, jioni ningemkanda Mama miguu. Ninyi nyumbani sikuwaambia. Nilitaka niwashtukize, na kosa hilo ni langu.

Kapteni wetu, mmoja wa wale watatu, anasema walipita na gari mara tatu, wakipima dakika za kutoka pale hadi uwanjani, maana rubani hatakiwi kuishi mbali na ndege yake. Kisha wakashuka na futikamba, wakapigilia vigingi vyenye rangi nyekundu. Mtoto yeyote wa kwetu angewaonya. Kwenye nchi ya dhahabu, mgeni akipigilia kigingi chekundu, ujue unahamishwa. Hapo ndipo mwano, ule ukelele wa kuita kijiji kwenye hatari, ulipopigwa, na mwano ukipigwa, asiyetoka na silaha anatozwa faini. Mkatoka.

Dereva wao, Msumbwa wa Ushirombo, aliwaambia kwa Kisukuma kwamba naye ni mtu wa huko huko. Mkamwona ndiye dalali aliyewauza, akapigwa kuliko wote. Taya limevunjika pande mbili, anakunywa uji kwa mrija. Dada wa mahesabu ameshonwa kichwa. Kapteni alijikinga kwa mkono, rungu likapasua kiwiko, likarudi tena palepale. Gari mkalichoma.

Anasema aliyempiga ana kovu la moto shingoni. Kaka, kovu hilo nilikutia mimi, kwa sufuria ya uji, nikiwa na miaka sita. Sikumwambia ni wewe. Nimeona aibu na bado naona.

Daktari amesema kiwiko hakitanyooka, na kwa mkono ule Kapteni harushi ndege tena. Nilipotoka wodini nilipiga ngumi mlango wa chuma hadi kidole kikavunjika. Ungekuwa karibu, ningekupiga wewe.

Jumatatu wakubwa walikaa. Mmoja akasema, "Rubani asipolala salama, ndege hailali." Kituo wamekipeleka Mtwara. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa tayari kuhama, jina langu ndilo la kwanza kwenye orodha.

Kuna jambo moja zaidi. Kapteni aliniambia kwamba kabla hamjafika aliona kikongwe mpakani mwa shamba, jicho moja amelifumba, anaelekeza fimbo gari lilipo. "Alilia kama mtu anayenyang'anywa mtoto," akasema.

Wewe mwenyewe uliniambia Jumapili kwamba Mama anajisifu sauti yake bado inaamsha kijiji. Mwache ajisifu. Ukimwambia alimfukuza nani siku ile, hutanisikia tena maishani.

Nisalimie Mama Kulwa, mkeo, na mapacha wenu Kulwa na Doto. Shangazi wa Maganzo naye mpe salamu, mwambie vitenge vyake vilinifikia.

Mama akiuliza nakuja lini, mwambie kampuni bado inatafuta mahali pa kuniweka. Mwambie niliomba iwe nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Kabula