Maganda ya Muhogo Aliyoloweka Justus

Malaba,
Jumapili, tarehe 8 Machi

Kwako Mama,

Mguu wako unaendeleaje huko Taita? Watoto wanaoga maji ya moto kama nilivyoomba? Mimi ni mzima, ila leo nyumbani kumenijaa kichwani.

Nilikueleza kwamba hapa tunafuga funza wa nzi, nao wakinenepa wanakamuliwa mafuta ya kutengeneza dizeli. Walikuwa wakila machicha ya busaa, ile pombe ya huku, peke yake, na mafuta yalitoka kidogo. Boss akanipa beseni moja nijaribu kuwalisha chakula nilichobuni mwenyewe. Akasema kikifaulu, ataniruhusu nije Pasaka tuweke msalaba kwenye kaburi la Justus.

Mama, niliharibu. Hapa wanapanda muhogo mchungu wa kusaga unga, ule wenye sumu, nami sikuuliza. Nilitwanga maganda mabichi, nikawamwagia. Asubuhi funza wote walikuwa wamekufa. Mzee Emojong', mwenzangu wa zamu, akachungulia beseni.

"Mama Taita, wageni wako umewapa nini? Hata nguruwe wangu angekuuliza kwanza!"

Nilicheka, kisha nikaenda kulia nyuma ya stoo.

Hapo nikamkumbuka mwanao Justus na ule muhogo mchungu tulioupanda ili ngedere wasiule. Maganda ya kulisha mbuzi aliyaloweka siku tatu yatoke sumu, kwenye ndoo isiyo na mkono, akayaanika juu ya bati, na kila mara akishuka alisahau kofia yake huko juu. Nikafanya vilevile, nikachanganya na machicha, nikawapa funza wapya. Safari hii walinenepa, Mama! Mzee akasema wanatembea kama mabwana harusi. Mafuta yaliyotoka, boss mwenyewe alikuja kuyaona.

Nikamkumbusha ruhusa yangu. Akaniuliza:

"Mama, sasa ukienda, nani atawapikia? Mabeseni yote yanataka hicho chakula chako."

Basi siji Pasaka. Msinisubiri, mvua itadidimiza kaburi. Wekeni msalaba. Ile kofia ya baba yake mvalisheni mwanangu Mwakio siku hiyo, hata kama itamfunika macho.

Nisalimie shemeji anayetuchungia mbuzi, na shangazi mshonaji, mwambie gauni lake jeusi bado ninalo.

Na mkisimama pale kumwombea Justus, nitajeni na mimi.

Mkwe wako,
Selina