Kama Wakunga wa Misri Waliogopa

Mjukuu wangu Neema, marahaba.

Hofu ni moyo kutambua nguvu inayoweza kuudhuru. Yenyewe si upungufu wa imani. Naanza hapo kwa kuwa umeuliza kama wale wakunga waliomdanganya Farao wakaokoa watoto hawakuogopa. Huku Bonga hatujambo. Babu yako anavuna mbaazi.

Mama yangu alikuwa mkunga. Nikiwa mdogo, alimficha ndani ya kihenge cha mahindi binti aliyekimbia kuozwa kwa nguvu. Wanaume wa ukoo wake wakaja na fimbo.

"Mama Elia, umemwona mtoto wetu?" mmoja wao akamuuliza mama.

"Watoto wenu huwaona wakizaliwa. Wewe ulitanguliza miguu, na hadi leo hujui kuingia nyumba za watu."

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, aliegemea kihenge, akanitazama. Mama akaipua sufuria ya moto kwa mikono mitupu, wala hakuonekana kuhisi. Hatimaye wakaondoka.

Maandiko yanasema wakunga walimcha Mungu; hayasemi kwamba hawakumwogopa Farao. Mama alitetemeka mpaka asubuhi, na binti akapona. Ila mimi nilikuwa nimefundishwa kutosema uongo kamwe. Yule mtu angeniuliza mimi, ningejibu nini?

Bibi yako