Malkia Aliyefunga Lango

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mikono inaendeleaje? Mimi mzima, ila karakana ya magodoro bado inanuka moshi.

Nimemaliza kitabu cha tano cha ile hadithi yetu ya joka, na safari hii usinibishie. Joka linatema moto; Malkia ana watu elfu nne nyuma ya lango, thelathini na wanane wako nje, handakini. Kafunga. Hata mimi ningefunga! Huyo Gavana wako anayerudi na mwenge kuita watu kwa majina anapendwa bure tu. Nilianza na cherehani moja, hakuna aliyenishika mkono. Kuongoza ni kuhesabu.

Kaka yako

19 Machi

Kaka, shikamoo.

Mkono wa kulia unashika kalamu sasa. Wa kushoto bado umenuna.

Soma tena, bwana mahesabu. Malkia aliambiwa handaki ni tupu. Hao thelathini na wanane aliwajua baada ya kufunga. Gavana naye aliambiwa vilevile, ila yeye aliita kwanza. Mbona unamtetea Malkia kwa hesabu ambayo hakuipiga?

Mdogo wako

27 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Nimekaa kimya siku mia moja kamili.

Desturi yetu unaijua: anayetoka karakana anahamishia kibao chake cha jina upande wa “nje” wa ubao wa mlangoni. Siku ya moto vibao vyote kumi na viwili vilikuwa upande wa “nje”, nikafunga mlango wa chuma ili moto usifikie mapipa ya gundi. Watu wanasema ulihamisha kibao chako kisha ukarudi ndani kizembe. Nimewaacha waseme. Hata mimi nilikukasirikia, kana kwamba wewe ndiye uliyenikosea.

Kibao chako nilikihamisha mimi. Nilidhani umeenda kula ukasahau, kama kawaida yako. Kumbe uko stoo, unachukua nyuzi.

Nilihesabu mara mbili. Sikuita hata mara moja.

Kaka yako

5 Julai

Kaka, shikamoo.

Mimi mzima kiasi. Miezi yote hii nimeamini nilikihamisha mwenyewe nikasahau, kosa ni langu. Nilikuwa nikijitukana kila nikishindwa kufunga kifungo. Hilo limeniuma kuliko moto.

Kitabu cha sita kimetoka. Usikitume, kilete mwenyewe. Ukifika usisukume mlango. Simama nje uniite mpaka niitike.

Sitaitika upesi.

Mdogo wako