Figa la Tatu

Jumapili, Lindi. Joto, na wingu lililogoma kunyesha.

Nimetoka zamu leo asubuhi na miguu imevimba. Nimeoga, nimekunywa chai ya rangi, sasa nimekaa uani penye kivuli cha ukuta, simu mkononi, natafuta sababu ya kutoandika. Sababu zimeniishia. Nguo nilifua jana. Jirani yangu, ambaye angenisimulia habari za watu mpaka adhuhuri, amesafiri. Tumebaki mimi na ile sentensi.

Binti yangu Rehema anataka niwaandikie maisha yangu. Yuko Dodoma, ana mimba ya kwanza, na mimba imemtia hamu ya mambo ya ukoo kama inavyowatia wengine hamu ya udongo. Juzi kanipigia tena. Mama, kwenye blogu unawaandikia watu wasiokujua kila wiki, sisi je? Kweli tupu. Hapa nimeshaandika habari za maji kukatika, za kiungulia changu, hata za paka wa jirani. Wanangu sijawaandikia kitu.

Si kwamba sijaanza. Nimeanza, nimefuta, nimeanza tena. Kila mara inakuja hivi: Nilizaliwa katika kijiji cha ujamaa, wilaya ya Kilwa, wakati watu wanahamishwa.

Halafu nakwama.

Nakwama kwa sababu baada ya hapo lazima aingie mama, na mama akiingia lazima tufike jikoni kwake, na jikoni kuna mafiga. Habari ya mafiga siipendi. Nimeikwepa utu uzima wangu wote, na leo nimechoka hata kuikwepa.

Wazazi wangu walitoka Namitile, nyumba chache tu vilimani, upande wa Kipatimu. Sasa hivi ni mahame. Baba uhuru ulimkuta kijana na aliupokea kwa moyo mweupe, hakuwahi kuutilia shaka mpaka anaingia kaburini. Alikuwa balozi wa nyumba kumi. Amri ya kuhamia vijijini ilipokuja, watu wa Namitile walisitasita, wana mihogo shambani, wana makaburi ya wazee wao. Baba akapanda juu ya nyumba yake mwenyewe akaanza kuezua nyasi ili wengine waone mfano. Mama alikuwa ndani, anapika. Alikuwa akituhadithia kwamba nyasi na masizi vilimwangukia kwenye chungu, akaendelea kukoroga.

Wakapandishwa lori, wakashushwa huku chini karibu na barabara, upande wa Nangurukuru. Na huku chini watu wa vilimani walifanya kosa ambalo mtu wa pwani angewacheka. Waliokota mawe yaliyokuwa karibu, wakapanga mafiga, wakabandika vyungu. Mawe ya huku ni ya chokaa. Yakishika moto yanageuka meupe, yanapasuka, chungu kinalala ubavu na ugali unaishia majivuni. Kijiji kizima, wanawake wanalia na majiko yao.

Isipokuwa mama. Mama alikuwa na mafiga ya Namitile, mawe meusi magumu ambayo moto hauyafanyi kitu.

Mawili. La tatu lilikuwa jiwe la chokaa kama la wengine, na kila lilipopasuka aliokota jingine.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Nakumbuka nikiwa mdogo sana nilimwaga kata ya maji jikoni. Jiwe lilichemka, likatoa moshi, likaporomoka likawa uji mweupe. Nilikimbia nikajificha nyuma ya kinu. Mama akaja, akaangalia, akasema, "Wewe ndiye uliyenikosesha figa langu."

Alilisema neno hilo maisha yake yote. Nilipofaulu kwenda sekondari alilisema. Nilipoolewa alilisema mbele ya mashangazi, wakacheka. Alilisema hata siku za mwisho, kitandani, ameshika mkono wangu.

Kwa hiyo nilijua. Mama alibeba mafiga yake matatu kutoka vilimani, kumbukumbu pekee ya nyumba iliyoezuliwa, na mimi nikamvunjia moja kwa kata ya maji. Sikuwahi kuuliza. Nani anauliza kosa lake mwenyewe? Alipofariki, na hatimaye nikaelewa kwamba sitamwomba radhi tena, niliumia mahali ambapo hakuna dawa ya kwenye kabati langu inayofika.

Sasa umwandikie hayo mtoto anayekaribia kujifungua. Umwambie nini? Bibi yako alihamishwa kwa nguvu, akaokoa mawe matatu, mama yako akaharibu moja?

Asubuhi hii nikaona bora nimpigie Dada Siwema. Yeye ndiye mkubwa wetu, anauza chakula pale Nangurukuru, mabasi yanaposimama. Nilitaka kumwuliza jambo dogo tu, nilikuwa na umri gani nilipolivunja lile figa, ili niandike nimalize.

Nikamwamkia. Akaitikia huku anamfokea mtu kuhusu vitunguu. Nikauliza.

Kufoka kukakatika. Nikadhani mtandao umekata.

"Uvunje nini?" akasema. "Wenga nawe, wewe mtoto! Hukuvunja figa lolote. Lile ulilomwagia maji lilikuwa la chokaa, kila mtu lilimvunjikia. Figa lenyewe halikuwahi kufika."

Nikamwambia mama alisema. Akasema, "Alisema umemkosesha. Hakusema umevunja. Mbona hilo kila mtu analijua?"

Mimi silijui, dada. Miaka yote hii, mimi silijui.

Akaacha vitunguu. Nilisikia akivuta kigoda, na sauti za mabasi zikasogea mbali kidogo. Akanieleza, na mimi naandika kabla usingizi haujanipora.

Kwenye lori mawe yalikataliwa. Mgambo aliyatupa chini, akasema mawe yako kila mahali. Basi mama akayafuata mwenyewe kwa miguu. Kurudi mahame kulikatazwa, na mke wa balozi angekuwa wa kwanza kusemwa, kwa hiyo alisema anakwenda kutafuta kuni. Safari ya kwanza alirudi na figa moja ndani ya kikapu, juu yake muhogo. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu alikwenda na Dada Siwema, wakati huo msichana wa kuchota maji, kwa sababu mimba yangu ilishakuwa kubwa na kuinama kulimshinda.

Walifika jioni. Asubuhi yake nikazaliwa mimi, ndani ya nyumba isiyo na paa, maana paa baba aliliondoa yeye mwenyewe.

Mimi ni mkunga. Nimezalisha wanawake wenye taa, maji ya bomba na daktari wa kumwita, na bado kuna siku nimetoka chumba cha kujifungulia siamini kama tumevuka salama. 

Dada anasema mama hakupiga kelele. Alimwelekeza kila kitu. Alikuwa na wembe mpya na uzi kwenye pindo la khanga, pamoja na kitambaa laini kilichofuliwa. Kitovu alikikata mwenyewe. Kisha akamwambia dada aling'oe figa lililobaki, na kwenye shimo lililoachwa na jiwe wakazika kondo, wakafukia, wakasawazisha majivu juu yake.

Walipumzika mpaka alipoweza kusimama, wakashika njia. Mimi mgongoni, jiwe kichwani, dada na kikapu cha muhogo. Walishuka kilima cha kwanza. Kwenye mteremko wa pili mama alianza kuyumba. Dada alitaka kulipokea jiwe, likamshinda. Wakasimama. Mama akalishusha, akaliweka pembeni ya njia taratibu, akanigeuza kutoka mgongoni akaniangalia.

"Haya," akaniambia. "Umeshinda."

Baba aliwakuta kisimani, nje ya kijiji. Hakuuliza walikotoka. Alininyanyua, akaniadhinia sikioni pale pale njiani, kisha akatutangulia nyumbani na kuwatangazia majirani kwamba mkewe amejifungua salama, hapa hapa kijijini. Baba, mtu wa moyo mweupe. Uongo huo ndio ulioandikwa kwenye cheti changu, na nimekuwa nikiunakili kila ninapojaza kitu.

Nilimwuliza dada kwa nini hakuna aliyeniambia. Akasema kwanza ilikuwa siri kwa ajili ya baba na ubalozi wake. Siri ilipokwisha faida, kila mmoja alidhani mwenzake ameniambia. Nilipokuwa nikinuna mama akilitaja figa, walidhani najidekeza.

"Kumbe ulikuwa unaumia?" akaniuliza.

Hakungoja nijibu. Akasema wateja wanamngoja, nilale, nisiendekeze simu. Akakata.

Sijalala.

Nimelia kidogo, ninakiri, kilio cha mtu aliyechoka, kisicho na sauti. Kwanza nililia kwa ahueni. Sikuvunja kitu. Neno nililolibeba kama shtaka lilikuwa utani wa mama, pengine zaidi ya utani, na nilikaa nalo vibaya muda wote huo akiwa hai, yuko hapa, ningeweza kumwuliza. Nimejikasirikia kwa hilo. Nimemkasirikia na yeye pia, Mungu amrehemu. Sentensi moja tu zaidi ingemgharimu nini?

Halafu nikainuka kuchemsha maji, na nikiwa nimesimama mbele ya jiko la gesi lisilo na figa hata moja, ule wembe ukanirudia.

Wembe mpya, uzi, kitambaa kilichofuliwa.

Mimi huwaambia akina mama kila kliniki waandae vitu hivyo. Mtu anayefuata jiwe habebi vitu hivyo. Labda ilikuwa tahadhari tu, mimba ilikuwa kubwa na mama hakuwa mtoto. Lakini alishazaa kabla yangu, aliujua mwili wake, alijua siku zimekaribia. Na jiwe lingeweza kungoja. Lilikuwa limekaa pale miaka mingi, nani angeliiba? Kama alitaka figa tu, angejifungua kwanza, apate nguvu, kisha alifuate akiwa mwepesi.

Nimempigia tena dada nikamwambia. Nyuma yake nasikia mafuta yanachemka.

"Ulipozaliwa alikulaza kwanza chini, kwenye udongo wa pale penye kitanda chake," akasema polepole. "Nilimwambia mama, mtoto atachafuka. Akasema mwache kidogo, yuko kwao."

Kisha akarudi kwenye mafuta yake. 

Wingu bado limegoma. Macho yananiuma, kesho jioni nina zamu nyingine, na huko kuna mtoto wa mtu nitakayemwandikia mahali alipozaliwa. Nimefuta ile sentensi ya zamani. Nimeandika nyingine, na leo siwezi zaidi ya hiyo. Rehema akiisoma kabla sijaamka, anisubiri, nitamweleza.

Kijiji kilikuwa kimeshahamishwa, lakini mama yangu alinirudisha nyumbani nikazaliwe.