Mgeni Apite Mbele

Pito, Sumbawanga

Shikamoo Mama,

Baridi ya huku inang'ata, ila ulezi umejaa, na tumbo langu lisilopatana na ngano limeshangilia. Jana nilipeleka ulezi mashineni, nikakuta bibi mmoja anasaga ngano. Nikarudi nyuma ya foleni, unga wake usije ukachanganyika na wangu. Watu wakakataa: "Mgeni apite mbele!" Kila nikirudi, wananisukuma. Mwishowe nikapiga kelele: "Jamani, ngano inaniharisha!"

Kisha bibi akamwaga mahindi aliyokuja nayo pia mashineni yasafishe njia. "Haya, saga sasa, mjukuu wangu."

Ugali nimekula, nikalala salama. Ila leo kila ninayekutana naye ananiuliza, "Tumbo limeamkaje?"

Wasalimie wadogo zangu. Siri yetu, Mama, imetaifishwa.

Mwanao,
Tumaini